Tunyimeni Mkopo, Lakini Tupeni Sababu

Ndugu zangu, nianze na ujumbe mmoja wa simu. Uliingia Julai 2023 na sijaufuta mpaka leo. Unasema hivi: "Samahani, hustahiki mkopo kwa sasa. Jaribu tena baadaye." Basi, umekwisha. Hakuna jina la aliyeamua, hakuna sababu, na hiyo "baadaye" haisemi ni kesho au ni mwaka wa kesho kutwa. Nilikuwa nimeomba shilingi 30,000 ninunue mashine ya ovaloki, hata iliyotumika. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kayole. Cherehani ninayo, ovaloki sina, kwa hiyo kila gauni ninaloshona nalipeleka kwa fundi mwingine anipigie pindo, na kila pindo ni pesa inayotoka kwangu kwenda kwake.

Mwezi ule ule mdogo wangu alinipigia kutoka Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, alikokuwa amefika Machi. Aliomba kadi ya mkopo benki, ile karte ambayo kule mtu hutumia kununua kitu leo na kulipa mwisho wa mwezi. Akaniambia: "Yaya, benye benki banakatala kunipa karte. Lakini banatuma barua, banaandika na sababu."

Nikamwambia apige picha barua nione. Kizungu changu ni kidogo, mtoto wangu wa darasa la saba akanisomea. Barua ilisema amekataliwa kwa sababu hana historia ya kutosha ya mikopo. Ikataja ofisi iliyotoa taarifa zake, na anwani yake. Ikasema ana siku 60 za kuomba nakala ya taarifa hizo bila malipo, na kama kuna kosa anaweza kulipinga.

Mimi na yeye tumezaliwa tumbo moja, tumetoka Uvira usiku mmoja. Wote wawili tumekataliwa mwezi mmoja. Lakini yeye Jumatatu aliamka anajua la kufanya. Alikwenda benki akaweka dola 300 za dhamana, akapewa kadi ndogo inayosimama juu ya pesa yake mwenyewe, akawa ananunua mafuta ya gari na kulipa kila mwezi. Kule alama za mkopo zinazotumika sana huhesabiwa kuanzia 300 mpaka 850, na ili mtu apate alama yoyote lazima awe na akaunti ya mkopo iliyofikisha angalau miezi sita. Yeye alikuwa na miezi minne tu nchini. Deni lake la kwanza kule lilikuwa tiketi ya ndege iliyomleta, na hata hilo alikuwa hajaanza kulilipa. Barua ilimfundisha hayo, na mwaka uliofuata akapata kadi ya kawaida. Mimi nilibaki na "baadaye" yangu.

Ninachotaka kusema ni hiki, na msinielewe vibaya. Sisemi kila mkimbizi apewe mkopo. Wako kati yetu wasiolipa, nawajua, wengine ni jamaa zangu. Nasema anayenyimwa aambiwe sababu, kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa. Na nasema sisi wenyewe tuna lawama, kwa sababu tumezoea kunyimwa bila kuuliza.

Wacha nieleze yangu yote, hata sehemu isiyonipendeza.

Nilipofika Nairobi 2014 nilikuwa na karatasi ya usajili tu, kitambulisho cha mkimbizi sikuwa nacho. Nilihitaji laini ya simu ya kupokelea pesa za wateja. Kijana mmoja wa jirani, Mkenya, mtu mzuri, akanisajilia laini kwa kitambulisho chake. Najua hairuhusiwi. Lakini mniambie, ni nani kati yetu wa miaka ile hakuwa na laini ya namna hiyo? Nikaitumia miaka saba. Nikaanza kukopa kwenye simu shilingi 500 nanunua uzi, narudisha kabla ya siku. Halafu 3,000 nanunua kitenge Isili, narudisha. Kiwango kikapanda mpaka 18,000. Sikuchelewa hata mara moja, kwa sababu nilijua hiyo laini ndiyo duka langu.

Mwaka 2022, asubuhi moja, kiwango kikawa sifuri. Nikadhani ni mtandao. Nikadhani nimekosea namba ya siri. Mama mmoja wa kanisani akaniambia kuna mtu amenifunga, tukaombe. Tukaomba. Ikabaki sifuri. Baada ya miezi mitatu kijana wa duka la wakala akanifungua macho: "Mama, hii laini si yako. Mwenyewe alikopa kwa app ingine, hakulipa. Ako CRB."

Nikakaa kwenye kiti. Yule kijana alikuwa amehamia Mombasa, alikopa huko, kazi ikaisha, akashindwa. Si mwizi. Lakini kwa miaka saba nilikuwa nimejenga jina la mtu mwingine kwa jasho langu, na siku jina lile lilipoanguka, mimi ndiye niliyeumia. Kila shilingi niliyoirudisha kwa wakati iliandikwa kwake. Nilikuwa kama mtu anayelima shamba la kukodi bila karatasi, halafu mwenye shamba analiweka rehani.

Mwanzo wa 2023, kwa kuwa sasa nilikuwa nimepata kitambulisho cha mkimbizi, nikajisajilia laini yangu kwa jina langu. Nikahamisha wateja mmoja mmoja. Nikaweka akiba, nikapokea, nikatuma. Julai nikaomba, ukaja ule ujumbe. Nikatii. Nikajaribu tena baadaye, kama nilivyoambiwa. Desemba. Aprili. Agosti. Mpaka 2025 jibu lilikuwa lile lile, hata nukta haikuhama.

Katika kuhangaika huko ndipo nilipojifunza kwamba hapana ya mkopo si moja. Ziko angalau nne, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni hapana ya mfuko: unachoingiza hakitoshi kulipa unachoomba, au una madeni mengine mengi. Dawa yake ni kuomba kidogo, au kumaliza lile deni la zamani. Ya pili ni hapana ya ukurasa mtupu: hujawahi kukopa, kwa hiyo hakuna anayejua kama unalipa. Hiyo ndiyo iliyompata mdogo wangu, na dawa yake ni mkopo mdogo unaoandikwa kwa jina lako, na muda. Ya tatu ni hapana ya doa: umeandikwa kwamba hukulipa. Dawa yake ni kulipa, au kama doa si lako, kulipinga. Ya nne ni hapana ya kitambulisho: mashine ya mkopeshaji haiijui kadi yako kabisa. Hapo haijaangalia kama unalipa au hulipi. Haijakufikia.

Sasa fikiri. Mtu mwenye hapana ya nne ukimwambia "jaribu tena baadaye" unamdanganya. Atajinyima, ataweka akiba, atasubiri miezi sita, ataomba, na atakataliwa vilevile, kwa sababu anatibu ugonjwa asio nao. Nani atamrudishia ile miezi? Mimi nilitumia miaka miwili hivyo.

Wako watakaosema: "Kule ni Marekani, hapa ni hapa." Hata Marekani haikuwa hivyo zamani. Sheria inayomlazimu mkopeshaji kutoa sababu ilitokana na ugomvi wa kina mama. Kabla ya 1974, mwanamke wa Marekani aliyekwenda kuomba mkopo au kadi mara nyingi aliambiwa alete sahihi ya mume, hata kama mshahara ni wake. Mwaka 1974 ikapitishwa sheria ya kuzuia kumbagua mwombaji mkopo kwa jinsia au ndoa yake. Mwaka 1976 ikapanuliwa ikaingiza rangi, dini na asili ya taifa, na ikaweka kwamba anayekataliwa ajulishwe ndani ya siku 30, apewe sababu mahususi au aambiwe ana haki ya kuziomba. Barua ya mdogo wangu haikuandikwa na benki yenye huruma. Iliandikwa kwa sababu kuna watu waligombana mpaka ikawa lazima.

Mimi nikisoma habari ya wale kina mama najiona. Wao waliambiwa, leta mume. Sisi tunaambiwa, leta Mkenya. Leta rafiki mwenye kitambulisho, akusajilie, akudhamini, akuchukulie kwa jina lake. Na kama wao, tunalipa sisi, na jina linakua la mwingine.

Tena, hapa Kenya sheria hazikosekani. Kanuni za ofisi za taarifa za mikopo, zile CRB, za mwaka 2020, zinampa mteja haki ya kupata taarifa yake bure mara moja kwa mwaka, na tena anapokataliwa kwa sababu ya taarifa hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inasema mtu asiachiwe kuhukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa sana. Anapaswa kujulishwa, na anaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inataka kitambulisho cha mkimbizi kiwe na hadhi angalau sawa na cheti cha mgeni aliyesajiliwa. Kwa hiyo karatasi zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kugonga mlango akiwa nazo mkononi.

Najua majibu ya wakopeshaji, nimeyasikia. La kwanza: "Sisi si shirika la misaada." Kweli kabisa, na sisi hatukuja kuomba unga. Msaada ni kumpa mtu bila kumdai. Sisi tunaomba kudaiwa. Na sababu ya kukataa haigharimu mtaji wa mtu. Ni sentensi moja, na mashine iliyokataa inaijua tayari.

La pili: "Mkimbizi ni mtu wa kupita, atapata safari aende Ulaya na deni letu." Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka ule leo amevuka miaka 30, pengine ana watoto wake pale pale. Huyo ndiye wa kupita? Na safari zenyewe ziko wapi? Duniani kote, wakimbizi wanaopelekwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki hata mmoja katika mia. Januari 2025 Marekani yenyewe ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Mdogo wangu alipita mlango ukiwa bado wazi. Sisi tuliobaki tutazeeka na mashine zetu za kushona hapa hapa. Yule aliyehama na deni, kumbukeni, alikuwa raia, na alihamia Mombasa.

La tatu: "Hatuna ushahidi kwamba wakimbizi wanalipa." Ushahidi upo. Kiva, wanaokusanya mikopo midogo ya watu duniani, wamewahi kutangaza kwamba wakimbizi waliokopeshwa kupitia kwao wanalipa kwa kiwango kinachokaribiana na cha wakopaji wengine. Mwaka 2018 IFC, tawi la Benki ya Dunia, ilitoa utafiti kuhusu Kakuma na kuiita soko. Ilihesabu biashara zaidi ya 2,000, na matumizi ya watu kiasi cha dola milioni 56 kwa mwaka. Soko la ukubwa huo haliendi bila watu kudaiana na kulipana kila siku. Ushahidi mwingine uko mtaani kwetu, hamjautafuta tu. Tuna likelemba yetu ya wamama kumi na wawili, kila mmoja anatoa shilingi 2,500 kwa wiki mbili, mmoja anachukua 30,000. Imezunguka tangu 2017. Daftari lipo, lina mafuta ya kupikia kwenye kona, lakini limejaa. Hiyo si historia ya mikopo? Ni nani amewahi kuja kuisoma?

Na kwenye likelemba pia tunakataa watu, msidhani. Kuna mama aliomba kuingia mwaka juzi, tukakaa, tukamwambia uso kwa uso: "Mama, tayari uko na likelemba mbili, maliza moja uje." Alinuna wiki nzima. Lakini alimaliza moja, akaja, na leo ndiye mtunza daftari. Mwingine alichelewa mara mbili, tukamwuliza, kumbe mtoto alikuwa amelazwa. Tukampangia upya. Wamama kumi na wawili ambao wengi hawakumaliza shule wanaweza kutoa sababu. Benki yenye mashine za kila aina haiwezi?

Sasa nigeuke kwetu, maana polemiki ya kuwasema wengine tu ni rahisi.

Sisi tukikataliwa tuna majibu mawili. La kwanza: "Banatuchukia." La pili: "Ni Mungu hakupenda." Yote mawili yanatufanya tukae. Chuki ipo, sikatai, nimeionja kwenye matatu na kwa wenye nyumba. Lakini mashine ya mkopo haikuangalia kabila langu wala haikusikia Kiswahili changu cha Uvira. Iliangalia namba, haikuiona, ikafunga. Ukiita kila hapana chuki, utaacha kutafuta ile ambayo ina dawa. Na Mungu, jamani, tumwache apumzike na mambo ya CRB.

Halafu kuna hili la majina ya kuazima. Vijana wanaofika leo, ambao wana kitambulisho, bado wanakwenda kutafuta laini ya jina la Mkenya kwa sababu "inapanda limiti haraka." Ni kweli inapanda haraka. Inapanda ya mwenyewe. Nawaambia kama dada yenu mkubwa aliyepoteza miaka saba: bora ukurasa mtupu wa jina lako kuliko kitabu kizima cha jina la mtu. Na ninyi mnaoazima kitambulisho cha mwenzenu halafu hamlipi, mjue kwamba jirani mwema atakayekuja kumsaidia mkimbizi kesho mmekwisha kumtisha.

Mwaka 2025 nilifanya nililopaswa kufanya 2023. Nilikwenda kwa kijana mmoja wa kwetu anayesoma sheria, akaniandikia barua ya ukurasa mmoja kwa mkopeshaji. Hatukutukana mtu. Tulitaja kile kifungu cha 35, tukaomba mambo mawili: sababu ya kukataliwa, na mtu, si mashine, aangalie tena. Tukaweka nakala ya kitambulisho changu na miezi kumi na miwili ya pesa iliyoingia na kutoka.

Wiki tatu baadaye jibu likaja. Mstari mmoja wa maana: mfumo wao hautambui aina ya kitambulisho nilichosajilia.

Nililia, si kwa huzuni peke yake. Kumbe haikuwa pesa yangu. Haikuwa doa la yule kijana kunifuata. Haikuwa kwamba sikujaribu vya kutosha. Katika miaka miwili ile hakuna aliyewahi kufungua taarifa zangu, zilikataliwa mlangoni. Na kwa kuwa sasa najua ni mlango, najua pa kugonga. Barua ya pili tumeipeleka Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na nakala kwa wanaoshughulikia wakimbizi. Wamama watano wa likelemba wameandika za kwao pia, kila mmoja kwa jina lake.

Ovaloki nilinunua, zamu yangu ilipofika, namba tisa. Ipo hapa pembeni ya meza ninapoandika. Kwa hiyo mkiona nadai, msidhani nadai kwa sababu ya mashine. Nadai kwa sababu msichana ninayemfundisha kushona ana kitambulisho kipya cha mkimbizi, ana miaka kumi na tisa, na juzi amenionyesha simu yake. Ulikuwa ule ujumbe wangu wa 2023, neno kwa neno. Akaniuliza, "Dada, baadaye ni lini?"

Nikamwambia avute kiti. Tukachukua karatasi, tukaandika tarehe juu.